Fundi Anajibu: Vibao vya Mpini Vilivyogoma Kutoka

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania na nimeishi Houston, Texas, kwa miaka 19. Baba mkwe wangu, ambaye alikuwa Mmarekani, alifariki mwaka jana na akaniachia rivolva ya Smith & Wesson ambayo naye aliirithi kwa baba yake aliyekuwa baharia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Chini ya mpini ina pete ya kufungia kamba, na namba yake inaanza na herufi V. Imekaa kabatini ndani ya ala yake ya ngozi kwa miaka ambayo hakuna mtu nyumbani anayeikumbuka idadi. Nilitaka kuisafisha ili nimpe mwanangu siku moja, nikafungua skrubu ya mpini nayo ikatoka yote bila taabu, lakini vile vibao viwili vya mbao havikutikisika. Nilijaribu ncha ya kisu cha mezani, nikaona imeacha alama ndogo kwenye ukingo wa mbao, nikaacha. Jirani yangu ananishauri nimwagie WD-40, yale mafuta ya kupulizia ya kulegeza kutu, kisha nibandue kwa bisibisi. Je, nimsikilize?

JIBU

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Usimsikilize jirani, angalau katika hili. Tena nakupongeza kwamba ulipoiona alama ya kisu uliacha, kwa sababu wengi wakiona alama ya kwanza hutafuta pembe nyingine ya kuchokonoa, na wafikapo alama ya nne mbao huwa imekwisha kupasuka.

Kabla ya mbao, risasi. Utaniambia bastola hiyo haijapigwa kwa miaka mingi, nami nitakujibu kwamba hizo zilizosahauliwa kabatini ndizo za kuogopwa, kwani aliyeiweka mara ya mwisho hayupo tena wa kuulizwa. Sukuma mbele kile kitufe kilicho upande wa kushoto nyuma ya silinda, ile sehemu inayozunguka na kubeba risasi, itoe silinda pembeni, tazama chemba zote 6 mbele ya mwanga, kisha pitisha ncha ya kidole kidogo katika kila tundu huku ukihesabu. Risasi zozote zilizomo nyumbani ziende chumba kingine kabla hujarudi mezani. Ukishahakikisha, ifunge silinda, maana si vyema kugonga bastola ambayo silinda yake inaning'inia nje. Na kila unapoinuka kupokea simu au kunywa chai, urudipo ifungue tena na uhesabu upya. Nachukulia pia kwamba una haki ya kuimiliki. Nalisema hili kwa faida ya wasomaji wengine walioko Marekani, kwa sababu sheria ya shirikisho inawazuia wengi wa walioingia kwa viza za muda kuwa na silaha, hata iwe ya urithi, isipokuwa kwa masharti maalumu.

Kwa maelezo yako, uliyorithi ni ile iliyopewa jina la Victory, yaani Ushindi, na hiyo V iliyo mbele ya namba ndiyo asili ya jina. Kiwanda kiliitengeneza kati ya mwaka 1942 na 1945, na kwa kuwa vita havikungoja urembo, chuma chake kilitiwa rangi nyeusi isiyong'aa na mpini ukawekewa vibao laini vya mjozi, mti ambao mafundi wengi huuita wolnati, badala ya vile vyenye michirizo na nembo vilivyozoeleka kabla ya hapo. Zilizokwenda Uingereza na Jumuiya ya Madola kwa kawaida zilikuwa na mtutu wa inchi 5, na zilizobaki kwa majeshi ya Marekani, wakiwamo mabaharia na marubani wao, zilikuwa na mtutu wa inchi 4. Nayaeleza haya kwa sababu yanagusa mbao zako moja kwa moja: upande wa ndani wa kibao cha kulia kiwandani palipigwa chapa namba ileile iliyo kwenye chuma. Kibao chenye namba inayolingana na bastola yake ni kitu ambacho wakusanyaji wanakitafuta kwa bidii, na kikipasuka hakuna duka litakalokuuzia kingine chenye namba hiyo. Kwa hiyo usiichukulie mbao hiyo kama kifuniko tu cha chuma. Katika bastola yako, mbao ndiyo yenye kuhitaji uangalifu kuliko chuma.

Sasa, kwa nini vimegoma? Mara nyingi sababu haiwi moja. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na huvimba kwa upana wa nyuzi zake, si kwa urefu. Houston, kama Tanga au Mombasa, hewa yake ina maji ya kutosha kuvimbisha droo ya kabati, sembuse kibao kilichochongwa kiingie kwenye fremu, yaani kiunzi cha chuma cha bastola, bila nafasi ya hata unywele. Mafuta ya kusafishia chuma, yaliyopakwa na baba na babu kwa nia njema, hupenya kati ya mbao na fremu, yakakaa humo miaka 40 au 50 na kugeuka kitu kama gundi ya kahawia. Halafu kuna ala ya ngozi. Watu hudhani ngozi inahifadhi silaha, kumbe hushika unyevu na chumvi za dawa zilizotumika kuilainisha, na chuma kilichokaa humo huota kutu mahali kisipoonekana, hasa kwenye ile pini ndogo iliyo chini ya mpini. Pini hiyo hupita katika fremu na kuchomoza pande zote mbili, na kila kibao kina tundu lake la kuipokea. Ikiota kutu hunenepa, nayo hukamata mbao kama kigingi. Hilo la pini ndilo linaloelekeza kazi yote: kibao lazima kitoke kikiwa kimenyooka, sambamba na fremu, kwa sababu ukikiinua upande mmoja tu unakipinda juu ya pini na kinapasuka hapo chini, penye mbao nyembamba.

WD-40 itafika mbaoni kabla ya kufika penye kutu. Mbao ikishalowa mafuta ya namna hiyo huwa nyeusi, hulainika nyuzi, na vanishi yake haishiki tena. Na bisibisi ni kabari. Kabari haina kazi nyingine ila kupasua.

Kibao cha mpini hakivutwi kwa nje, husukumwa kutoka ndani. Nimeambiwa maneno hayo mara moja tu maishani, na niliambiwa baada ya kosa. Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam, kwa malezi. Nilipohamia huku nilipata kibarua katika karakana moja ya silaha, na wiki ya tatu nikapewa rivolva ya mteja nitoe vibao vyake. Niliona mwanya upande wa mgongo wa mpini, nikaingiza bisibisi nyembamba, nikasikia sauti ambayo kila seremala anaijua: tak! kavu, fupi. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kiliruka hadi chini ya meza. Bwana mkubwa hakunigombeza. Alichukua bastola, akairudisha skrubu niliyoitoa, akaizungusha mara chache tu, akaigonga kichwani kwa mpini wa bisibisi yake, na kibao cha upande wa pili kikatoka chenyewe kama mlango uliosukumwa na upepo. Nusu siku ile nilikuwa chini ya meza nikitafuta kile kipande.

Basi fanya alivyofanya yeye. Tandika taulo nene mezani. Safisha mfereji wa kichwa cha skrubu kwa kijiti cha meno, kisha tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji huo sawasawa kwa upana na kwa unene. Bisibisi za kawaida za nyumbani zina ncha iliyochongoka kama shoka, hupanda juu ya mfereji zikaukwangua. Irudishe skrubu mahali pake hadi ishike nati iliyozamishwa katika kibao cha pili, kisha izungushe mara 3 au 4 tu, kiasi cha kukiacha kichwa chake kimesimama nje ya mbao. Hapo unayo nguzo ndogo ya chuma inayopita katika kibao cha kwanza bila kukibana, inavuka fremu, na imeshikwa na kibao cha pili. Ukiisukuma, unakisukuma kibao cha pili kutoka ndani, tena katikati yake, ambapo hakiwezi kupinda kwa urahisi.

Ishike bastola kwa mkono wa kushoto, kichwa cha skrubu kikitazama juu, na kibao cha pili kikielea juu ya taulo bila kuegemea kitu. Gonga kichwa cha skrubu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, si kwa nyundo ya chuma. Gonga kidogo kidogo, kama mtu anayegonga yai la kuchemsha. Mapigo 10 ya namna hiyo yana faida kuliko pigo 1 la hasira. Sikiliza sauti: mwanzoni ni ya kitu kimoja kizito, na mbao inapoanza kuachia utaisikia ikibadilika na kuwa ya kitu chenye uwazi ndani. Tazama ukingo wa kibao. Ukiona mstari mweusi ambao haukuwapo, mwanya umefunguka. Kichwa cha skrubu kikizama hadi kugusa mbao ya kwanza, izungushe nyuma mara 2 zaidi na uendelee, lakini hakikisha daima nyuzi za skrubu zimeshika nati kwa kiasi cha kutosha, vinginevyo utaziharibu zote mbili.

Huenda usiku wa kwanza kisitoke. Hilo si ajabu, na hapa ndipo subira inapopimwa. Iweke bastola ndani ya sanduku la plastiki linalofungika vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, viwe vingi, na uiache wiki 2 au 3. Mbao itarudisha unyevu wake hewani taratibu na kusinyaa, na mara nyingi kilichoshindikana Jumamosi ya leo hutoka kwa mapigo manne Jumamosi ya mwezi ujao. Usiweke karibu na hita au ndani ya oveni ili kuharakisha, kwa maana mbao inayokauka ghafla kwa nje huku ndani ikiwa bado na maji hupasuka yenyewe bila kuguswa.

Kama unaona ni gundi ya mafuta iliyokishika, yaani kuna ukoko wa kahawia kando ya mwanya, chukua uzi wa kusafishia meno ule uliopakwa nta, upitishe kwenye mwanya uliofunguka, na uvute kushoto na kulia kama msumeno ukishuka nao kuelekea pini. Uzi hukata ukoko na haukwangui chuma wala mbao. Unaweza kuupasha moto ukoko huo kwa draya ya nywele, kwa mbali, hadi mbao iwe vuguvugu mkononi. Ikizidi kiasi cha kushikika, umepitiliza. Kadi ya benki iliyokwisha muda nayo yafaa kushikilia mwanya usijifunge, mradi iwe ya kushikilia tu, isiwe ya kubandulia.

Kibao cha pili kikishatoka, cha kwanza ni rahisi. Utakuwa unaona ndani ya fremu, na humo utaikuta springi kuu, bamba refu la chuma lililopinda. Usiiguse wala usiegemeze kitu juu yake. Tumia kijiti cha mbao cha unene wa penseli, kipitishe kando ya springi, kisukume kibao kwa ndani karibu na tundu la skrubu, kisha shuka karibu na pini, kisha rudi juu, ukibadilisha mahali ili kitoke sambamba. Pini ikikaidi, dondoshea tone moja la mafuta ya kufungua kutu kwa ncha ya sindano, juu ya pini yenyewe kwa upande huu uliokwisha kufunguka, na uache hadi kesho. Tone moja hapo hufika penye kutu bila kuilowesha mbao.

Utakachokikuta ndani kitakuwa na harufu ya mafuta ya kale, na pengine kutu nyekundu iliyolala kama vumbi la udongo wa Iringa. Kabla ya kusafisha chochote, piga picha ya upande wa ndani wa kibao cha kulia na uitafute namba, na usiipitishie msasa hata kama mbao ni chafu kiasi gani. Mswaki mkavu unatosha. Kutu ya juu juu kwenye fremu huondoka kwa stilwaya laini kabisa yenye mafuta kidogo, ukisugua kwa wepesi ili usiondoe na ile rangi nyeusi. Halafu futa, paka mafuta kwa kitambaa hadi uone kama hukupaka kitu, na upake nta kidogo upande wa ndani wa vibao. Alama uliyoiacha kwa kisu iache. Tone la maji na pasi ya moto juu ya kitambaa huinua mbao iliyobonyea, ni kweli, nami hufanya hivyo kwenye samani, lakini juu ya mbao ya 1943 au 1944 yenye vanishi yake ya asili sithubutu.

Unaporudisha skrubu, ifikishe mwisho kwa vidole viwili tu vilivyoshika bisibisi. Ala ya ngozi ihifadhi peke yake.

SWALI

Niko Minneapolis na nina rivolva ya Colt ya mtindo wa zamani wa wachunga ng'ombe, wa mwaka 1873, iliyotengenezwa upya miaka ya karibuni. Nimetafuta skrubu ya mpini pande zote mbili siioni, na mbao haitoki. Imefichwa wapi?

JIBU

Haikufichwa, haipo. Mpini wako ni wa kipande kimoja cha mbao, umekumbatiwa na chuma cha mgongo kwa nyuma na chuma cha kilinzi cha kifyatulio kwa mbele. Mbao ya namna hiyo haitoki kwa pembeni hata ukiigonga mwaka mzima. Hutoka kwa kufungua chuma cha mgongo, ambacho kimefungwa kwa skrubu 2 juu, kushoto na kulia kwa nyundo ya bastola, na 1 chini ya kitako. Bastola hii haitoi silinda pembeni, kwa hiyo fungua kile kilango cha upande wa kulia na uzungushe silinda ukitazama chemba moja baada ya nyingine hadi zote 6 zimepita machoni mwako, ndipo uanze. Chuma cha mgongo kikiisha kulegea, huondoka pamoja na mbao kuelekea nyuma na chini, na mbao iliyokwama ndani yake husukumwa kwa vidole gumba ikiwa imelala juu ya taulo. Ziweke skrubu kwenye karatasi uliyochora umbo la mpini, kila moja mahali pake. Zinafanana ukizitazama, lakini urefu wake si mmoja, na ile iliyokosewa ndiyo itakayokutesa wakati wa kurudisha.

SWALI

Mimi ni mmiliki halali wa rivolva hapa Nairobi. Skrubu ya mpini inazunguka tu bila kutoka, na nati ya upande wa pili inazunguka pamoja nayo ndani ya mbao. Rafiki ana seremala mzuri sana Gikomba. Naweza kumpelekea?

JIBU

Bastola, hapana. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haikuruhusu kumwachia silaha yako mtu asiye na cheti chake, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani, na biashara ya kutengeneza silaha imewekewa usajili wake. Mpelekee mwuzaji wa silaha aliyesajiliwa pamoja na cheti chako, na usiiache bila stakabadhi.

Tatizo lenyewe nalifahamu, na ni vyema ulijue ili umweleze aliyesajiliwa, maana si kila mmoja wao ni fundi wa mbao. Nati hiyo ya shaba ya manjano ilipigwa ndani ya mbao kwa nguvu, na meno yake madogo ndiyo yaliyokuwa yakiizuia isizunguke. Mbao iliyozunguka tundu imelika, nati imekosa pa kung'ang'ania. Dawa ni kukivuta kibao cha nati kwa nje, kwa ncha za vidole au kwa kile kikombe cha mpira cha kunyonyea vioo, huku skrubu ikizungushwa kufunguka, ili nati ibanwe na mbao kwa msuguano. Ikishindikana, tone moja la supaglu kwa ncha ya sindano kwenye ukingo wa nati, likikaushwa usiku mzima, kwa kawaida huishika vya kutosha kwa ufunguzi wa mara moja. Liwe tone dogo kweli: likitiririka hadi kwenye fremu utakuwa umegundisha kile ulichotaka kukitoa. Na kama chanzo ni kutu ndani ya nyuzi za skrubu, ncha ya ile pasi ndogo ya umeme ambayo mafundi redio huchomelea nyaya, ikiwekwa juu ya kichwa cha skrubu kwa nusu dakika na kuondolewa, hukitanua chuma na kuvunja kutu bila moto kuifikia mbao.

SWALI

Fundi, niko Columbus, Ohio. Nilinunua hapa hapa vipande viwili vya mpingo, nikavichonga mwenyewe kuwa vibao vya mpini wa rivolva yangu, nikapaka mafuta ya kitani pande zote kama nilivyosoma, nikavifunga vikiwa bado vinanata kidogo nikidhani vitakauka vyenyewe. Hiyo ilikuwa Februari. Sasa ni Julai, havijakauka na havitoki. Nimekosea wapi?

JIBU

Umekosea mahali pawili, na makosa yote mawili ni ya mtu anayejua mbao nyingine akaudhania mpingo kuwa mmojawapo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na wenyewe una mafuta ya asili ndani yake. Mafuta ya kitani hukauka kwa kushika hewa, na mafuta ya mpingo, kama ya miti mingi ya jamaa yake, huyazuia yasikauke. Kwa hiyo ulichokipaka kimebaki kuwa ulimbo, na umeusiliba upande wa ndani ukaubana juu ya chuma kwa skrubu. Wachonga vinyago wa Kimakonde hawapaki mpingo mafuta ya kitani. Huusugua kwa msasa laini hadi ung'ae, kisha hupaka rangi ya viatu au nta. Kosa la pili ni Februari. Nyumba zenu huko wakati wa baridi huwa kavu kwa sababu ya hita, nawe ulichonga vibao vikiwa vimesinyaa, ukavibana vikae bila nafasi. Mpingo huvimba kidogo kuliko mbao nyingi, lakini pasipo nafasi hata kidogo hicho kinatosha.

Fanya kama nilivyomwambia ndugu wa Houston: silinda kwanza, kisha skrubu ikirudishwa mizunguko michache na kugongwa taratibu. Kwako draya ya nywele itasaidia kuliko kwake, kwa kuwa ulimbo huo bado ni mbichi na joto dogo huulegeza. Uzi wa meno nao utapita kwa urahisi. Mpingo hauvumilii kupindwa. Mjozi huenda ukakuonya kwa mlio kabla ya kuvunjika, ila mpingo hukatika ghafla kama kioo.

Vikitoka, futa ulimbo kwa kitambaa chenye asetoni ukiwa umefungua madirisha na kuiweka bastola mbali, rudia mara 2 au 3 hadi kitambaa kitoke bila kunata, kisha viache wiki moja. Punguza ukingo wa ndani kwa msasa kiasi cha unene wa karatasi mbili za daftari, na uvae barakoa, kwani vumbi la mpingo huwasha kifua na macho. Hifadhi vipande vilivyobaki pamoja na risiti yake: karibu miti yote ya ukoo wa mpingo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kusimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na siku utakapotaka kumpelekea mtu nje ya nchi kipande kibichi utaulizwa kimetoka wapi. Upande wa ndani usipake kitu ila nta, na uifunge skrubu mwezi wa Agosti au Septemba, hewa ikiwa bado na unyevu, ili kibao kikijipunguza wakati wa baridi kilegee kidogo badala ya kukaza.